Wathome na Leso za Mama Mkwe

"Afadhali hii mguu ikatwe yote!" Nthambi alisema. "Ikatwe, itupwe huko, lakini huyo mwanaume hatanishika."

"Hakuna mtu anakata mguu, susu," Sista Winfred, muuguzi wetu, akamjibu kwa lile neno la Kikamba la nyanya. "Daktari alishaweka chuma ndani, mguu imefanya kazi yake. Ni wewe umebaki. Simama."

"Nisimame na nani?"

"Na Wathome."

"Woi!" Nthambi akavuta shuka mpaka juu ya kichwa, akabaki amelala pale kama gunia la mahindi lililofunikwa mvua isilipate.

Mimi nilikuwa kitanda cha pili, karibu na dirisha, nikila ndizi yake. Alikuwa amesema hana hamu ya kula, na mimi sipendi kuona chakula kikiharibika.

Wathome mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, ameipa wodi mgongo, akisoma ukuta. Kwenye ukuta ule kulikuwa na karatasi inayofundisha watu kunawa mikono, na nadhani mtu yule ameisoma kuliko madaktari wote wa Machakos. Hakuwa amekosana na mtu. Nthambi ni mama mkwe wake. Mkewe Wathome ni Ndanu, na Ndanu ni mtoto wa kwanza wa Nthambi. Kwetu Ukambani mwanaume na mama mkwe wake wako na nthoni, ile heshima ya kuoneana aibu. Hawashikani mikono, hawaketi mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani kama ameona kuku wake amepotelea huko. Siku hizi watu wanasali, wanasalimiana kwa mbali, hakuna neno. Lakini kushikana kiuno? Miaka ishirini na sita tangu aoe, Wathome hajawahi kuyaona macho ya Nthambi. Nilimuuliza siku moja yanafananaje. Akaniambia, "Susu Kavata, mimi najua viatu vyake tu."

Kazi yake pale hospitalini ni kutembeza wagonjwa. Hakuna aliyemwandika. Wako kama saba hivi, watu wa makanisa tofauti, wanavaa vesti za kijani na kuja siku tatu kwa wiki. Walifundishwa na watu wa fizio, wale wa mazoezi ya viungo, namna ya kumwinua mtu bila kumvuta mkono, namna ya kusimama upande wake, wapi pa kushika. Wathome hutembeza wanaume. Wanawake ni wa Mutindi, lakini Mutindi siku hiyo alikuwa Katangi akizika shangazi yake. Sista Winfred naye alikuwa na mimba ya miezi saba, akiinama kuokota kalamu ilibidi aitiwe msaada. Akabaki Wathome.

Na daktari alikuwa anarudi saa kumi.

Hapo ndipo penye moto. Nthambi aliangukia shambani kwake Mitaboni akifukuza mbuzi, nyonga ya kulia ikavunjika. Siku nane zilikuwa zimepita tangu apasuliwe, na hakuwa amesimama hata mara moja. Jumatatu alikuwa na kizunguzungu. Jumanne alimwambia Mutindi kichwa kinagonga. Jumatano akaniiga mimi, akasema mwezi ni mchanga na mifupa haipendi mwezi mchanga. Asubuhi hiyo ya Alhamisi daktari, mtu mpole mwenye miwani, akakaa ukingoni mwa kitanda chake na kumwambia wazi: "Mama, saa kumi nitarudi. Ukienda mpaka mlango wa choo na kurudi kwa miguu yako, kesho unaenda kwako. Ukishindwa, siwezi kukuacha ukaishi peke yako. Utaenda kwa binti yako."

Binti ni Ndanu. Nyumba ya Ndanu ni nyumba ya Wathome, pale Mumbuni, vyumba viwili na sebule. Ndanu alikuwa ameshatandika kitanda sebuleni.

Nikamaliza ndizi. "Nthambi," nikasema, "nisaidie kuelewa, mimi sikusoma. Unakataa huyu mwanaume akushike dakika kumi, halafu unaenda kulala sebuleni kwake mpaka Krismasi. Utamsikia akikoroma. Utamwona akitoka bafuni na taulo."

Shuka ikatetemeka.

"Kavata, nyamaza."

"Na taulo zenyewe za siku hizi ni ndogo."

Kule mlangoni masikio ya Wathome yalikuwa mekundu kama udongo wa Kathiani. Sista Winfred aligeuka akajifanya anahesabu vidonge.

Kabla sijaendelea, nikwambie huyu Wathome ni mtu wa aina gani, kwa sababu ukimwona na ile kofia yake imevutwa mpaka kwenye nyusi utadhani ni mlinzi wa duka. Wathome alikuwa mfundisha ng'ombe. Miaka thelathini, ukiwa na fahali mchanga unayetaka alime, ulimpelekea yeye. Hakuwa anapiga. Alimfunga nira moja na maksai mzee anayejua kazi, akaweka mtu mbele wa kuongoza, yeye akakaa nyuma kwenye plau, akiongea. Aliongea siku nzima kwa sauti ya chini kama mtu anayesema rozari. Baada ya wiki mbili fahali alikuwa anapinda mwisho wa mtaro bila kuambiwa.

Alikuwa na maksai mmoja anaitwa Ndeke. Ndeke alifundishwa vizuri hadi akapitiliza. Jumapili moja Wathome alitoka kanisani akakuta Ndeke amejifunga nira mwenyewe na amelima robo eka. Wathome alimkemea sana kwa kuvunja Sabato, na Ndeke akaona aibu, hakula nyasi mpaka Jumanne. Kuna watu wanabisha hii habari. Ni watu ambao hawakuwa Mitaboni mwaka huo. Mimi pia sikuwa, lakini niliambiwa na mtu aliyemjua Ndeke.

Matrekta yalipoingia, kazi ikapungua. Lakini si hilo lililomleta hospitalini. Lililomleta ni baba yake, mzee Ndolo.

Mzee Ndolo alianguka kwenye boma la ng'ombe miaka mingi iliyopita, akavunjika nyonga kama mimi na Nthambi. Alipotoka kupasuliwa watoto wake walimpokea kwa heshima zote. Chai ilimfuata kitandani. Uji ulimfuata kitandani. Redio ikaletwa, beseni ikaletwa, hata ng'ombe aliyezaa alipitishwa dirishani amwone. Mzee akijaribu kuweka mguu chini, wana wake wanne wanaruka: baba, utahitaji nini na sisi tupo? Kwetu mzee kuhangaika amesimama na wanawe wameketi ni aibu ya ukoo mzima. Basi akalala. Akalala miezi minane. Mgongo ukatoka vidonda, kifua kikajaa, wakamzika.

Hakuna aliyefanya ubaya. Wathome mwenyewe ndiye alikuwa anabeba chai.

Miaka ikapita. Siku moja alileta jirani yake hospitali, mtu amevunjika nyonga, na siku iliyofuata upasuaji akawaona watu wa fizio wanamwinua. Wathome akataka kuwazuia. Wakamweleza kwamba mtu wa nyonga akilala sana ni kulala kunakommaliza, si mfupa. Wathome akatoka nje, akaketi kwenye benchi ile ya karibu na duka la dawa. Alikaa pale mpaka watu wa kutembelea wagonjwa wakaingia na wakatoka. Halafu akarudi ndani akauliza ni nani anafundisha hiyo kazi ya kutembeza.

Alinisimulia haya akitembea nyuma ya woka yangu, kile chuma cha miguu minne cha kushikilia, siku ambayo Mutindi alichelewa. Mimi si mkwe wake, angenishika popote. Nilimwambia nami nilivunjika nikipigana na nyani aliyevaa sweta ya mjukuu wangu. Hakubisha. Aliniuliza tu kama nyani alikuwa mzima. Sista yeye aliandika kwenye faili kwamba niliteleza bafuni. Watu waliosoma hawana ladha.

Sasa turudi wodini. Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro.

"Susu Kavata," Wathome akauambia ukuta, "mwambie mama kwamba sitamwangalia uso. Nitaangalia miguu, kama kawaida."

Nthambi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu na alisikia kila neno. Lakini nthoni ni nthoni, lazima neno lipitie kwa mtu. Nikamgeukia. "Anasema hata hivyo huna uso wa kuangaliwa."

"Sijasema hivyo!" Wathome akasema.

"Mwambie nimesikia alichosema," Nthambi akasema kutoka ndani ya shuka. "Na mwambie arudi kwa wanaume wenzake."

"Anasema hiyo vesti ya kijani imekupendeza."

"Susu!" Sista Winfred akaniita, lakini midomo yake ilikuwa inacheka.

Wathome akavua kofia, akaivaa tena. "Mwambie mama mguu uliovunjika ni wa kulia, lakini anaoogopa ni wa kushoto. Goti. Alianza kukanyagia upande wa nje mwaka ule Ndanu alizaa mapacha. Alikuja kutuona na viatu vya plastiki vyeusi, na cha kushoto kilikuwa kimeisha nje. Vile vya kanisa vya kahawia vikaisha hivyo hivyo. Na hivi vya bluu viko chini ya kitanda, ukikiangalia cha kushoto utaona. Kwa hivyo akisimama hataamini kushoto, na kulia ndiyo mpya bado. Ndio maana anakataa. Si mimi tu anakataa."

Hiyo sikuipindua. Sikupata hata mahali pa kutia chumvi. Nikainama kidogo nikaangalia chini ya kitanda, na kweli, kiatu cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje kama kipande cha sabuni.

Shuka ikashuka polepole mpaka kidevuni.

"Ni nani alimwambia habari ya goti?" Nthambi akauliza. Sauti haikuwa ile ya kugombana. "Sijamwambia mtu. Ndanu mwenyewe hajui. Wangejua wangeninyang'anya shamba zamani."

Miaka ishirini na sita mtu anaangalia miguu yako kwa sababu ya heshima, atajua nini tena kama si miguu?

Nthambi akageuza kichwa dirishani. Kutoka pale vinaonekana vilima vya Iveti, na nyuma ya vile vilima ndiyo Mitaboni, na mbuzi wake wanakula kwa jirani ambaye hampendi.

"Mkono wake usiguse nguo yangu," akasema.

"Lazima ushikwe, susu," Sista akasema. "Ukianguka na hiyo chuma tunaanza upya."

"Nimesema mkono wake. Sijasema nisishikwe."

Tukaanza kufikiria. Ule mkanda wa kutembezea wanawake Mutindi alikuwa ameufungia kabatini na funguo ziko Katangi. Na hata ungekuwepo, mkanda unashikwa hapa, kiunoni, vidole ndani. Wathome akauliza kama kuna leso, zile kanga za kujifunga.

Leso zilikuwepo. Moja ya Nthambi, moja yangu. Yangu iko na maandishi ambayo aliyeniuzia alikataa kunisomea, akawa anacheka tu. Sista Winfred akamzungushia Nthambi ya kwanza kiunoni mara mbili, akafunga fundo. Ya pili Wathome akaisokota ikawa kamba, akampa Sista aipitishe ndani ya ile ya kwanza, nyuma, na ncha zote mbili zikarudi kwake. Alifanya yote akiangalia sakafu. Alivuta kujaribu. Fundo likakaa.

"Ukiwa mbali hivyo utamdaka na nini?" Sista akamuuliza.

Wathome akaizungusha leso kwenye ngumi, akasogea, akaizungusha tena, mpaka kati ya ngumi na mgongo wa Nthambi pakabaki kama urefu wa kijiko. Sista akapima kwa macho, akakubali. Yeye akachukua kiti cha magurudumu akakaa nacho upande wa kulia, kwa ajili ya dharura.

"Susu Kavata," Wathome akasema, "shika woka yako. Nenda mbele ya mama."

"Mimi nilitembea asubuhi."

"Fahali mchanga ukimsukuma kutoka nyuma anakaa chini. Lakini akiona mwenzake mzee mbele anafuata."

"Kwa hivyo mimi ndiye maksai."

"Wewe ni Ndeke," akasema, na hapo nikakubali.

Kutoka kitanda cha Nthambi mpaka mlango wa choo ni hatua kumi na nane. Zamani ningezipiga kwa tano. Nthambi akaketi ukingoni, Sista akamvalisha viatu vya bluu, akamwekea woka mbele. Akasimama. Akapiga kelele moja ya kuita mama yake aliyekufa, akatulia.

"Woka kwanza," Wathome akasema kutoka nyuma, ile sauti ya rozari. "Halafu kulia. Sasa kushoto, sina haraka. Woka. Kulia. Kushoto nimekuona, kanyaga yote, si nje. Vizuri. Woka."

Hakuniambia nimpelekee mama neno. Na Nthambi hakuuliza. Mwenye kitanda cha nne, aliyekuwa amelala tangu asubuhi, akaamka akaketi. Ukasikia vile vyuma viwili vikigonga sakafu, changu na chake, na ile sauti. Hatua ya kumi. Ya kumi na tano. Nikagusa mlango wa choo, Nthambi akaugusa, tukageuka. Kugeuka ndiyo kazi. Wathome alizunguka nyuma yake kama vile mwisho wa mtaro, leso haikulegea hata kidogo, na kofia yake haikuinuka.

Kurudi, tulipofika dirisha la katikati ya wodi, Nthambi akasimama. Akaangalia Iveti. Nadhani alianza kuhesabu mbuzi. Mimi nikaendelea mbele na woka yangu nikijisifu, na nyuma yangu nikasikia Sista anasema "Ai!"

Nikageuka. Goti la kushoto lilikuwa limekubali kujikunja. Nthambi alikuwa ameinama upande, woka imeinuka mguu mmoja, na leso mbili zimekaza kama kamba ya kisima. Wathome alikuwa amekunja magoti yake kidogo, mikono imeshika, mishipa ya shingo imetoka. Hakuvuta na hakusukuma, alishikilia tu. Sista alikuwa ameshaleta kiti nyuma ya magoti ya Nthambi, amebakisha kumwambia aketi.

"Wathome," Nthambi akasema.

Sikumbuki mara nyingine amewahi kumwita jina lake. Wathome pia hakukumbuka, kwa sababu alichelewa kujibu.

"Ee, mama."

"Usilegeze."

"Sijalegeza."

"Hiyo kiti iondolewe. Sitaki hiyo kiti."

Sista akamwangalia Wathome. Wathome akaangalia miguu, kwa muda. Kisha akaitikia kwa kichwa kwamba kiondolewe.

"Kushoto iko chini yako sasa," akasema. "Haijaenda mahali. Egemea woka, nyoosha, mimi niko hapa."

Nthambi akanyooka. Ilichukua muda ambao ungenitosha mimi kumenya viazi vya watu watano. Jasho lilikuwa limemwagika mpaka kwenye kola, lakini alinyooka.

"Na mimi?" nikauliza. "Nimefutwa kazi? Hamtaki tena mtu wa kuwapelekea maneno?"

"Wewe nenda mbele, maksai," Nthambi akasema, na watu wa vitanda vyote wakacheka, hata yule wa nne ambaye alikatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi za upasuaji.

Tukaendelea. Woka, kulia, kushoto. Zilikuwa zimebaki hatua saba kufika kitandani. Nthambi alikuwa ameanza kupata pumzi ya kuongea, na mimi namjua, akipata pumzi hairudishi.

"Wathome."

"Ee, mama."

"Ile siku mapacha walizaliwa. Nilikuwa nimevaa plastiki nyeusi?"

"Ndiyo, mama."

"Na sikuwa nimezipaka mafuta."

"Hapana. Lakini ulikuwa umeziosha."

"Ndanu aliniambia hukuniona hiyo siku. Aliniambia ulikuwa shambani. Nikakaa na hiyo kitu kwa roho miaka yote, nikisema huyu mtu hakutoka hata kunisalimia. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mama. Nilikuwa nataka kusema—"

Mlango wa wodi ukafunguka. Daktari akaingia, miwani kwenye paji la uso, faili mkononi, na wanafunzi watano nyuma yake. Saa ya ukutani ilikuwa haijafika hata saa kumi kasoro robo.

Wathome akafunga mdomo, akageuza uso ukutani kwenye ile karatasi ya kunawa mikono, lakini ngumi zake hazikusogea. Sista Winfred akavuta kiti pembeni. Mimi nikanyamaza pia, na hiyo wachache wameiona.

Daktari alikuwa amesimama katikati ya njia yetu. Aliangalia woka mbili, akaangalia leso, akafuata leso kwa macho mpaka kwenye mikono ya mwanaume anayesoma ukuta. Akafungua mdomo kuuliza kitu.

Nthambi hakumngoja. Aliinua mguu wa kushoto, akauweka chini wote, na daktari na wanafunzi wake watano wakarudi nyuma, wakatupisha.